Mbele Kamio Imwange Udongo, Uliza Umetoka Wapi



Kila mwaka mvua ikianza, shida moja inarudi katika miji yetu ya migodi. Maji yanachimba barabara, yanakula udongo pembeni ya musingi wa nyumba, yanaingia mpaka ndani ya lopango. Mutu mwenye lopango lake liko chini karibu na muto, ao fasi ya matope, anaanza kutafuta kitu cha kujazia. Udongo muzuri mwekundu unauzwa, na franga ni shida. Kisha siku moja mutu anakuja na habari ya kufurahisha: «Kule nyuma ya kiwanda kuko kilima cha mabaki. Lipa kamio tu, udongo wenyewe ni bure.»

Ni vile skori nyeusi na muchanga wa kijivu vinafika karibu na vitanda vyetu. Vinajaza mashimo ya barabara. Vinalala chini ya sakafu. Mafundi wengine wanavichanganya na simenti juu ya kupaka ukuta. Watoto wanacheza juu yake, na mama anaanika unga wa muhogo pembeni.

Katika ukurasa huu tunataka kuzungumza juu ya ile zawadi ya bure. Hatuseme kama kila kitu chenye kutoka kiwandani ni sumu. Huo ungekuwa uongo. Kuna mabaki yanayoweza kufanya kazi muzuri fasi fulani, na kuna mengine yasiyofaa kulala karibu na mutu hata kidogo. Tabu ni kwamba macho peke yake hayawezi kuyatenganisha. Kwa hiyo ulizo la kwanza, mbele ya kuuliza bei, ni hili: umetoka wapi?

MABAKI HAYAKO YA NAMNA MOJA

Tuanze na majina, sababu watu wengi wanaita yote «udongo wa kampuni».

Ya kwanza ni mawe ya juu. Mbele ya kufikia mukuba, kampuni inatosha mawe na udongo ulioufunika, inavitupa pembeni. Hayakupita kiwandani. Mengine ni mawe ya kawaida kabisa. Mengine yako na metali kidogo ndani yake.

Ya pili ni muchanga wa kusafisha, ule unaoitwa reje. Mawe yenye mukuba yanasagwa mpaka yanakuwa unga, yanaoshwa, metali inatolewa, na unga unaobaki unasukumwa na maji mpaka ku bwawa. Viwanda vingine vinatumia asidi, na unga wa namna ile unaweza kubaki na ukali wa asidi. Bwawa likikauka, unaona uwanja mweupe ao wa kijivu, laini sawa unga wa bukari. Ni ule mafundi wanaupenda, sababu hauna mawe wala majani.

Ya tatu ni skori. Wazee wa Kiswahili waliita kitu cha namna hii mavi ya chuma. Ni uchafu unaoelea juu wakati tanuru inayeyusha mawe. Unamwangwa inje, unapoa, unakuwa mweusi na mugumu sawa kioo.

Wenye kuishi Lubumbashi wanajua kile kilima cheusi pembeni ya dohani kubwa. Kiwanda kile kilianza kuyeyusha mukuba katika mwaka wa 1911, na kwa miaka zaidi ya 80 skori ziliongezwa juu ya skori mpaka zikapita tani milioni 10. Lakini tangu karibu mwaka wa 2000 kiwanda kingine kilisimamishwa pale pale, kazi yake ni kuyeyusha tena zile skori juu ya kutoa kobalti na mukuba iliyobaki. Huko Kolwezi vilevile, muchanga wa Kingamyambo na wa Musonoi unapita tani milioni 100, na kuanzia mwaka wa 2018 unachimbwa tena na kusafishwa mara ya pili.

Tufikiri pamoja. Kama matajiri wanatoka mbali kuja kutafuta faida katika mabaki, ni kusema metali ingali ndani. Nao wanatafuta tu ile yenye soko. Ile isiyo na soko, sawa vile arseniki, kadmiumu na plombi (ni kusema risasi), haina mutu wa kuikimbilia. Hiyo inabaki, na ni hiyo inayotuhusu sisi wenye kujaza malopango.

CHUMVI YA MAWE NA CHUMVI YA UNGA

Mama anajua hili kuliko mwalimu wa kemia. Chukua kipande cha chumvi ya mawe, tia ndani ya maji: kinayeyuka polepole. Chukua chumvi ileile iliyosagwa: mara moja imekwisha. Chumvi ni moja, lakini unga unaguswa na maji pande zote.

Mabaki ya kiwanda yanafanya vile. Skori ngumu, yenye vipande vikubwa, inashika metali zake kwa nguvu. Maji yanapita juu na kuchukua kidogo. Skori ileile ukiisaga kuwa vumbi, inaachilia zaidi. Na muchanga wa bwawa tayari ni unga. Maji ya mvua yanaingia kila upande, na kama ndani kuko mawe yenye salfa ya asili, hewa na maji vinayageuza kuwa asidi, na asidi inakokota metali mpaka chini, kwenye maji ya kisima.

Tena nyumba yenyewe inaweza kuumia. Muchanga wa namna moja, ulio laini wote, haushikane muzuri: maji yakiingia unateleza na musingi unaenda nao. Mabaki yenye salfa nyingi yanapigana na simenti mpaka inavimba na kupasuka. Skori za viwanda vya chuma nazo, kama hazikukaa inje muda wa kutosha, zinaweza kuvimba chini ya sakafu. Mutu anasema, «Fundi aliiba simenti,» kumbe kosa liko chini.

INAINGIAJE MWILINI?

Kuna njia nne.

Njia ya kwanza ni vumbi. Wakati wa kipwa upepo unainua unga wa juu, unaingia nyumbani, unalala juu ya meza, juu ya blanketi, ndani ya sahani. Mwaka wa 2018 watafiti wa Universite ya Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza habari ya Kasulo, mutaa wa Kolwezi ambamo watu walichimba kobalti katikati ya nyumba. Walipima vumbi la nyumba, damu na mukojo. Kobalti ilionekana nyingi kuliko katika mutaa mwingine ulio mbali na machimbo, na watoto ndio walikuwa na nyingi zaidi. Watoto hawa hawakushika sururu. Walikuwa wanaishi pale tu.

Njia ya pili ni mukono na kinywa. Mutoto wa miaka miwili anatambaa, anashika chini, anatia vidole kinywani. Mama mwenye mimba naye mara nyingine anatamani kula udongo. Hapo plombi ni adui mukubwa. Shirika la afya la dunia (OMS) linafundisha kwamba hakuna kipimo cha plombi kinachojulikana kuwa salama kwa mutoto. Inapunguza akili ya masomo, inaleta upungufu wa damu, inajificha ndani ya mifupa, na inaweza kutoka kwa mama kuingia kwa mutoto tumboni. Jirani zetu wa Kabwe, Zambia, wanajua uchungu huu. Mugodi wao wa plombi na zinki ulifungwa mwaka wa 1994, kisha karibu miaka tisini ya kazi. Kampuni iliondoka, mabaki yakabaki, na mpaka sasa vumbi lake linaingia katika damu ya watoto waliozaliwa nyuma ya kufungwa.

Njia ya tatu ni maji na mboga. Kisima kilichochimbwa karibu na ujazo mubaya kinaweza kupokea metali. Hapa tusikilize muzuri: kuchemsha maji kunaua vijidudu, kutia dawa ya klori vilevile, lakini metali haichemke ikaisha. Unapochemsha, maji yanapungua na metali inabaki. Na lenga-lenga ao sombe iliyopandwa juu ya ujazo ule inaweza kuvuta metali kwa mizizi. Kuosha majani kunaondoa vumbi la juu. Kile kilichoingia ndani hakitoke.

Njia ya ine haionekane kabisa, na juu yake tunapashwa kusafiri kidogo, mpaka Marekani.

MUJI ULIOPEWA MUCHANGA WA BURE

Katika jimbo la Colorado kuko muji unaoitwa Grand Junction. Kuanzia mwaka wa 1951 kiwanda kimoja pale kilikuwa kinasaga mawe ya uraniumu. Kisha kutoa uraniumu, kilibakiwa na muchanga wa kijivu, laini na mukavu. Wenye kujenga waliuona, wakaupenda. Kiwanda kiliwaachia wachukue bure. Kwa miaka mingi makamio yalibeba muchanga ule: chini ya sakafu za nyumba, pembeni ya misingi, katika mifereji ya mabomba, ndani ya simenti, mpaka katika bustani na fasi za watoto kucheza.

Watu wale hawakuwa wajinga. Inchi yao ilikuwa na masomo na vyombo vya kupima. Lakini wengi walisema sawa vile tunasema sisi: uraniumu imekwisha kutolewa, kilichobaki ni muchanga tu. Kumbe ukitoa uraniumu katika jiwe, sehemu karibu 85 kwa 100 za nguvu ya mionzi zinabaki katika mabaki. Ndani yake kuko radiumu, na nguvu ya radiumu inahitaji miaka 1600 ili ipungue nusu tu. Radiumu inazaa hewa inayoitwa radoni. Haina harufu, haina rangi. Inapanda kutoka chini, inapita katika nyufa za sakafu, inajaa ndani ya nyumba iliyofungwa, na mutu anaivuta usiku akilala. OMS inaihesabu radoni kati ya vitu vikubwa vinavyoleta kansa ya mapafu, kisha tumbako.

Mwaka wa 1966 kutoa ule muchanga kulikatazwa. Mwaka wa 1972 serikali ya Marekani ilikubali kusaidia kulipa kazi ya kutengeneza nyumba, na mwaka wa 1978 ikaweka sheria kubwa zaidi. Sakafu zikavunjwa, misingi ikachimbuliwa, bustani zikang'olewa. Malopango na majengo zaidi ya 4000 yalisafishwa katika muji ule, na kazi iliendelea mpaka miaka ya 1990. Muchanga ulipelekwa fasi ya kuuzika, karibu kilometre 30 inje ya muji, ukafunikwa kwa tabaka za udongo na mawe.

Tuhesabu basi. Kubeba muchanga ndani ya muji hakukuomba franga nyingi. Kuutosha kuliomba miaka zaidi ya ishirini na hazina ya serikali tajiri. Sisi, nani atakuja kutuchimbulia sakafu?

Mutu asiseme haya ni mambo ya wazungu. Huko Gabon, katika muji wa Mounana, uraniumu ilichimbwa tangu mwaka wa 1961 mpaka mwaka wa 1999. Nyuma, vipimo vilionyesha kwamba nyumba zingine za wafanyakazi zilijengwa na vitu vya mugodi vyenye mionzi. Ikaamriwa zile nyumba zibomolewe na zingine zijengwe.

Na kwetu? Shinkolobwe iko karibu na Likasi, na dunia yote inajua uraniumu iliyotoka pale. Lakini hata mbali na Shinkolobwe, mawe ya mukuba na kobalti ya fasi zingine za Haut-Katanga na Lualaba yako na uraniumu kidogo ndani. Mwaka wa 2018 kampuni moja kubwa ya Kolwezi ilisimamisha kwa muda kuuza kobalti yake inje, sababu uraniumu ilionekana ndani. Kama inaweza kupatikana katika kobalti iliyosafishwa, hatuwezi kuapa kama haiko katika mabaki. Si kila bwawa liko nayo. Ni kipimo tu kinachoweza kusema.

MUZEE ALIYESHIKA MUCHANGA

Katika kanisa moja la mutaa wetu mvua ilichimba shimo refu karibu na ukuta, upande wa chumba ambamo watoto wanajifunzia. Kijana mumoja shofere, kwa moyo muzuri, akaleta kamio ya muchanga wa kijivu bila kuomba kitu. Watu wakapiga makofi. Muzee mumoja wa halmashauri, aliyefanya kazi ya kiwanda miaka mingi, akasogea, akachukua kidogo ku mukono, akakisugua kwa vidole.

«Mwanangu, hii umeitosha wapi?»

«Papa, ni kule ku bwawa ya zamani. Iko safi, hata majani haiko.»

«Ni ile ya majani inaniogopesha. Iko pale tangu wakati gani?»

«Mimi nilizaliwa, iko pale.»

«Mvua yote ile, miaka yote ile, na majani inakataa kuota juu yake. Sasa unataka tuiweke fasi watoto wanaikala chini?»

Kijana akanyamaza. Kisha akasema: «Papa, sikujua.» Muzee akamushika bega: «Haukujua, ni kweli. Irudishe pale pale ulipoitosha, usiimwange ku njia.»

Hakuna mutu aliyemutukana. Siku za Posho tatu zilizofuata, akina mama walibeba udongo mwekundu kwa mabeseni, na vijana wakajenga mufereji wa mawe ili maji yasirudi tena. Ile kazi ya mufereji ilisaidia kupita ujazo wenyewe, sababu shimo bila mufereji linafunguka tena mwaka unaofuata.

Alama ya muzee ni alama ya zamani sana. Wakubwa wetu, waliokuwa wanayeyusha mukuba mbele ya wazungu kufika, walitafuta vilima visivyo na miti, vyenye maua madogo yanayopenda mukuba. Waliona kwamba muti unakufa pale metali inapokuwa nyingi. Basi kama kilima cha mabaki kimepata mvua miaka mingi na kingali uchi, kinakuambia kitu. Lakini tusigeuze lile neno: majani kuota si cheti cha usalama. Kuna majani yanayovumilia, na mionzi haizuie majani.

BASI TUTUPE YOTE?

Hapana. Mabaki ya viwanda yanatumiwa katika inchi nyingi kwa akili. Skori ya kiwanda cha chuma, ikisagwa, inatiwa ndani ya simenti tangu zaidi ya miaka mia moja, na simenti ile ni nguvu. Skori za namna mbalimbali zinatiwa chini ya barabara kubwa na chini ya njia ya gari la moshi. Kutumia tena kunapunguza vilima na kunaokoa mawe mapya. Ni jambo jema, kama mambo matatu yanafuatwa.

La kwanza, kipimo: mutu anajua ndani kuko nini, na maji yakipita yanachukua nini. Ni vipimo viwili mbalimbali, na vyote viwili vinahitajika.

La pili, fasi: mbali na kisima, mbali na muto, juu ya maji ya chini, mbali na fasi ya kulala, ya kulima na ya kucheza.

La tatu, kifuniko: lami ao simenti juu, ili upepo usiinue na mvua isipenye.

Skori ngumu iliyopimwa, ikilala chini ya lami ya barabara, iko fasi yake. Skori ileile ikimwangwa wazi katika njia ya mutaa, makamio yanapita juu yake kila siku mpaka inakuwa vumbi, hiyo ni habari ingine. Na muchanga wa bwawa haufae chini ya nyumba, haufae kupaka ukuta, haufae katika lopango, hata kama jirani amekwisha kuutumia na angali anatembea. Ugonjwa wa metali hauko sawa nyoka. Hauume mutu leo akaanguka leo.

MAULIZO MATANO MBELE YA KAMIO KUMWANGA

1. Umetoka wapi? Shofere akijibu, «Kule tu,» kataa. Udongo usio na fasi ya kuzaliwa usiingie nyumbani.

2. Ni kitu gani: mawe ya juu, muchanga wa kusafisha, ao skori? Kama ni unga laini wa kijivu, mweupe ao wa njano, ao unanuka asidi, ao maji yake yanaacha rangi ya kijani ao ya kutu, rudisha.

3. Kiwanda kile kilikuwa kinashugulikia nini? Wazee waliofanya kazi pale wangali hai. Jibu lao halilipishwe.

4. Nani amepima, na karatasi iko wapi? Kwa kazi kubwa sawa vile shule, kanisa, hospitali ao barabara, karatasi ya laboratwari iombwe mbele, na kipimo cha mionzi kiwe ndani. Kazi ya kulinda watu na mionzi katika inchi yetu iko kwa Comité ya taifa ya kulinda watu na mionzi (CNPRI).

5. Kuko ruhusa? Sheria ya migodi ya mwaka wa 2002, iliyogeuzwa mwaka wa 2018, inahesabu vilima vya mabaki kuwa mali ya migodi. Vinaombewa ruhusa. «Bure» ya shofere inaweza kuwa wizi mbele ya sheria.

KAMA UMEKWISHA KUJAZA

Wasomaji wengine watasema: «Muchungaji, mimi iko chini ya nyumba tangu zamani. Nifanye nini?» Usiogope, na usianze kuchimbua leo. Kuchimbua ovyo kunainua vumbi lililokuwa limelala.

Funika kwanza. Katika lopango tia udongo safi mwekundu juu yake, santimetre 30 ao zaidi, uushindilie, upande majani ili upepo usiuchukue. Ndani ya nyumba ziba nyufa za sakafu kwa simenti. Fungua madirisha kila siku. Hata hewa mbaya ya radoni inapungua nyumba ikipata upepo.

Piga deki kwa kitambaa chenye maji. Ufagio mukavu unainua vumbi na kulirudisha juu ya sahani. Viatu vibaki mulangoni. Watoto waoshe mikono kwa sabuni mbele ya kula. Baba anayetoka mugodini ao kiwandani avue nguo za kazi mbele ya kumubeba mutoto, na zile nguo zisifuliwe pamoja na za mutoto.

Hamisha bustani. Kama hakuna fasi ingine, panda ndani ya magunia ao mabeseni yenye udongo ulioletwa kutoka mbali. Watoto wapewe chakula chenye chuma na kalsiumu, sawa vile maharagi, ndagala na maziwa. Tumbo lililoshiba muzuri linavuta plombi kidogo kuliko tumbo la njaa.

Kisima kikiwa karibu na ujazo, maji yake yabaki ya kufulia mpaka kipimo kifanyike. Kipimo kimoja ni ghali kwa jamaa moja; kwa nyumba kumi za avenyu moja si ghali tena. Chukueni udongo kidogo kidogo fasi mbalimbali, changanyeni, tieni ndani ya mufuko safi, andikeni fasi na siku, mupeleke ku laboratwari inayojulikana. Mutoto mwenye kuumwa tumbo siku nyingi, mwenye damu kidogo, ao anayeanza kusahau masomo, apelekwe kwa munganga, na munganga aambiwe waziwazi kama nyumba iko juu ya mabaki. Asipoambiwa, atatafuta minyoo na malaria peke yake.

KWA VIJANA NA MAFUNDI

Vijana, tunajua kazi haipatikane. Kupakia kamio kunalipa chakula cha siku. Lakini wewe ndiye wa kwanza kuvuta lile vumbi, na wewe ndiye unajua kilima gani ulichimba. Usifiche jina la kilima juu ya kuuza haraka.

Fundi naye asijifiche nyuma ya neno «mwenye nyumba alitaka». Katika kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, mutu anayejenga nyumba mupya anaambiwa aweke ukingo juu ya dari, ili damu ya mwenye kuanguka isiwe juu ya nyumba yake. Sheria ile haikungoja mutu aanguke kwanza. Na katika Walawi, sura ya 14, nyumba ikionekana na doa mubaya, kuhani alipashwa kuitazama, mawe yenye doa yang'olewe na kutupwa inje ya muji, fasi isiyo safi. Watu wa zamani hawakuwa na laboratwari, lakini walijua mambo mawili: nyumba inaweza kugonjesha mutu, na jiwe lililotoka katika nyumba ya mugonjwa halipelekwe kwa jirani.

Hilo la mwisho tulishike sana. Ukigundua kama kamio ni mbaya, usimuuzie mutu mwingine kwa bei ya chini. Mutoto wake naye anatambaa chini sawa vile wako.

MAULIZO YA KUZUNGUMZA NYUMBANI NA KATIKA KIKUNDI CHA VIJANA

1. Udongo ulio chini ya nyumba yetu, ya shule yetu na ya kanisa letu ulitoka wapi? Nani angali hai anayeweza kutuambia?

2. Watoto wetu wanacheza wapi wakati wa kipwa, na upepo unatoka upande gani?

3. Kisima chetu kiko hatua ngapi kutoka fasi iliyojazwa?

4. Kama nyumba kumi za avenyu yetu zingechanga, tungeanza kupima nini kwanza: maji ao udongo?

5. Rafiki yako shofere akileta kamio ya bure kesho, utamujibu namna gani bila kuvunja urafiki?